Mlango wa Mwisho Kulia

Kinyozi wangu humwita bintiye "wewe". Nilipomtania kwamba amesahau jina la mtoto, alizima mashine, akanisimulia.

Alikuwa amempeleka mji wa ufukweni kuona bahari. Mama mwenye nyumba ya wageni aliwapa chumba cha mwisho, upande wa kulia, kwa bei ya kutupa. Mlango haukuwa na komeo.

"Fundi atakuja, mwanangu. Huku hatuna wezi."

Alipouliza pa kula, mama alimwelekeza kwa upole: "Nenda moja kwa moja, mlango wa mwisho kushoto. Uko wazi." Walikula samaki wa kukaanga, wakarudi wameshiba.

Mama akampakata mtoto. "Baba anakuitaje mkiwa nyumbani?"

"Kidoti."

"Jina tamu. Hebu lirudie kwa nguvu, bibi hasikii vizuri."

Mtoto akalirudia, kisha akamnyooshea kidole mjukuu wa mama huyo, aliyekuwa amekaa jikoni. "Na yeye?"

"Huyo hatumwiti jina."

Umeme ulikatika walipokuwa wanatandika kitanda. Kinyozi akamkumbatia bintiye gizani. Ndipo mtu akaita kutoka ufukweni: "Kidoti." Sauti ilikuwa yake mwenyewe, kinyozi.

"Baba," mtoto alinong'ona, "mbona umenishika halafu unaniita kule?"

Alimziba mdomo, akaegemea mlango kwa mgongo. Hatua za miguu iliyolowa maji zilisikika zikipanda ngazi, zikasimama mapokezini. Kisha akamsikia mama, kwa upole ule ule:

"Nenda moja kwa moja, mlango wa mwisho kulia. Uko wazi."