Nusu ya Habari

Kila alasiri, akishavua sare ya shule, msichana alikaa kwenye kigoda kando ya redio, katika duka la kushonea nguo la mama yake. Kazi yake ilikuwa kusikiliza. Cherehani za mama na shangazi yake zikianza kunguruma, wao hawakusikia kitu, basi yeye ndiye aliyewapasha habari mashine zikinyamaza. Wakambandika jina la Mtangazaji, naye kichwa kikamvimba.

Mwaka huo biashara ilidorora. Magauni yalining'inia ukutani hadi yakashika vumbi. Shangazi akaitiwa kazi ya kufua mashuka hospitalini, katika mji wa mbali, akatakiwa kujibu kabla ya Ijumaa. Mtangazaji alikosa raha kabisa, maana shangazi ndiye aliyembeba mgongoni tangu akiwa mchanga.

Jumatano redio ikatangaza kwamba kodi ya mishahara imepunguzwa, kwa hiyo watu watabaki na fedha zaidi mfukoni. Kisha mtaalamu mmoja akaonya kuwa wengi wana hofu ya kesho, na huenda wakaziweka akiba badala ya kununua vitu. Cherehani ziliponyamaza, shangazi akauliza kuna habari gani.

"Kodi imepungua, Shangazi. Sasa watu watanunua nguo."

Maneno ya mtaalamu aliyameza.

Shangazi akafurahi, akaikataa kazi ya hospitali. Miezi miwili ikapita. Walioingia dukani walipapasa vitambaa, wakasifu mishono, wakaaga. Mwishowe mama aliuza cherehani ya pili ili alipe pango la duka. Siku ilipobebwa, Mtangazaji aliangua kilio, akaeleza yote.

"Nilitaka usiondoke," alisema.

Shangazi alimfuta machozi. "Najua, mwanangu. Lakini ulinipa nusu ya habari, nami nikaamua kwa nusu hiyo."

Aliomba tena hospitalini. Nafasi yake ilishachukuliwa, akapewa kibarua cha muda chenye malipo madogo. Akaondoka asubuhi na sanduku moja.

"Yule mtaalamu alikuwa anakisia, na angeweza kukosea," mama alimwambia Mtangazaji waliporudi kutoka stendi. "Wewe ulijua alichosema, ukakificha. Mtu anayeamua maisha yake apewe habari yote, hata ile inayouma."

Alasiri ile cherehani moja tu ilinguruma. Iliponyamaza, mama akauliza redio imesema nini. Mtangazaji alikitazama kiti kitupu cha shangazi, kisha akaeleza yote, mazuri na mabaya.