Korongo Aliyebaki Mtoni

Ardith Novotny aliondoa kidole kwenye kitufe, lakini picha haikurudi kutikisika. Hilo ndilo lilikuwa jambo la kwanza la ajabu. Mwingine angeshtuka, yeye alifurahi mpaka machozi yakamlenga, maana mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka tangu mwaka juzi, na kila darubini aliyoishika ilimwonyesha ndege wanaorukaruka kama bisi sufuriani. Hii ya leo, ya macho mawili, ilikuwa na betri na kitufe cha kutuliza picha. Ukibonyeza, mkono utetemeke utakavyo, ndege anatulia tuli. Ukiachia, mtetemo unarudi. Ndivyo inavyotakiwa.

"Verlin," alinong'ona, "naona mpaka jicho lake. Kama kaa la moto!"

"Si nilikwambia? Mumeo hununua vitu vya maana."

"Mume huyohuyo aliwahi kununua trekta lisilo na injini."

"Lile lilikuwa pambo la shamba, bibie. Tazama ndege wako."

Walikuwa wawili tu katika kibanda cha mbao kando ya Mto Platte, Nebraska, mwezi wa Machi, wakati korongo wanapoteremka kwa makumi ya maelfu kulala kwenye maji ya kina kifupi. Wanaolala kibandani huingia kabla ya ndege kufika, na hawatoki mpaka asubuhi, korongo wa mwisho akishaondoka. Simu zinabaki ofisini. Taa hakuna. Haja ni kwenye ndoo, na maneno ni kwa kunong'ona, kwa sababu ndege wakishtuliwa gizani huruka ovyo na kujigonga kwenye nyaya za umeme wakafa. Verlin alikuwa amewaongoza wageni hapo kwa miaka mingi bila malipo, na jinsi alivyoishika kanuni hiyo, hata mchungaji wake hakuishika Biblia hivyo. Mlango wenyewe haukuwa na kufuli. Kilichowafungia humo ni adabu.

Jua lilipozama, Ardith, bila kukigusa kitufe tena, akaona jambo la pili. Korongo wakilala husimama wote wakielekea upepo, na upepo ulikuwa unatoka kaskazini. Lakini pale kwenye fungu la mchanga palikuwa na mmoja aliyeupa upepo ubavu. Alikuwa amekielekea kibanda.

"Kuna mmoja anatutazama."

"Amekupenda."

"Verlin, sifanyi mzaha. Hapepesi macho, hajikuni, maji yanampita miguuni bila hata kiwimbi."

Verlin alichungulia dirishani kwa macho matupu, akaona bahari ya migongo ya kijivu na basi. Akamkatia mkewe kipande cha mkate wa nyama na kabichi, akamwambia ale kabla baridi haijaingia mifupani. Ardith akala. Chakula kilinuka majivu yaliyomwagiwa maji, na alipouinusa mkono wake, nao ulinuka vilevile.

Giza lilipokolea na makelele ya ndege kupungua, alijaribu kujiliwaza kwa nyota. Aliielekeza darubini kwenye Kilimia, akaziona zile nyota zimetulia kama zimepigiliwa misumari, nyingi kuliko alizowahi kuziona maishani, na kwa muda kidogo alikuwa mwanamke mwenye furaha kuliko wote Nebraska. Kisha akasikia mvumo. Ulikuwa mwembamba, kama wa mbu aliyenaswa ndani ya chupa, na ulitoka kwenye darubini.

"Betri hizo," Verlin alisema. Akakifungua kifuniko, akazitoa betri, akazitia mfukoni. Mvumo haukukoma.

Wote wawili wakautegea sikio.

"Verlin. Hii darubini ulisema umeitoa wapi?"

"Mnadani."

"Mnada wa nani?"

Mzee wa watu akakohoa ndani ya kola ya koti lake. "Wa marehemu Hruska, yule wa kule kilimani."

"Hruska aliyefia jikoni?"

"Alikutwa dirishani," Verlin alinong'ona. "Amesimama. Walisema alikuwa amesimama hapo siku kadhaa, mikono bado machoni, na hawakuweza kuikunja ili aingie kwenye jeneza. Sikutaka kukwambia. Ulikuwa unalia kila korongo wakipita, Ardith, unalia kwa sababu huwaoni, na mimi nikaiona darubini ile mezani nikasema Mungu amenisikia."

Ardith akaushika mkono wake. Angeweza kumgombeza; mwanamume kaleta balaa la maiti nyumbani kwa sababu ya mapenzi! Badala yake alisema, "Twende nyumbani."

"Sasa hivi? Tutawaua mamia."

"Basi tuwaue!"

Lakini hata hilo alilisema kwa kunong'ona. Walivyo watu wa huku kwetu, nyumba inaweza kuwaka moto na bado wakamwomba jirani radhi kwa moshi. Wakaivika darubini blanketi, wakakaa mgongo kwa mgongo, wakaungoja mchana huku mvumo ukipenya sufu.

Alfajiri korongo wakapaa. Waliinuka kundi baada ya kundi kwa kishindo kilichotikisa mbao za kibanda, mpaka mto ukabaki mtupu na mweupe kwa barafu ya kingoni. Ardith alikwisha kulishika komeo.

"Ngoja," Verlin alisema. "Mmoja bado."

Kweli, kwenye fungu la mchanga alisimama korongo mmoja peke yake, na sasa fungu hilo lilikuwa karibu zaidi kuliko jana, au ndege ndiye aliyekuwa karibu zaidi.

"Achana naye! Nakuomba, mume wangu."

"Jolene wa ofisini yuko barabarani na gari, haji mpaka mto uwe mtupu. Na kama ndege huyo ameumia bawa, lazima nijue nikamwambie. Dakika moja tu, Ardith. Kanuni ni kanuni."

Hapo ndipo alipoifunua darubini na kuiweka machoni, na kabla Ardith hajaufikia mkono wake, kidole kilikuwa kimekwisha kubonyeza.

"Si ndege," Verlin alisema polepole. "Ni Hruska. Amesimama majini, mikono machoni, ananitazama kama mimi ninavyomtazama... Ardith, anaishusha mikono. Anacheka, maskini, anacheka kama mtu aliyefunguliwa—"

Akanyamaza.

Ardith alimwita, akamvuta mkono, akamvuta koti, akamkumbatia kiunoni na kumvuta kwa nguvu zote za mwanamke aliyelea ndama na watoto, lakini mumewe alikuwa amekaza kama nguzo ya uzio iliyochimbiwa ardhini, pumzi yake ikitoka nyembamba na kwa nadra, macho hayapepesi, na ile harufu ya majivu ikajaa kibanda kizima, na nje, pale mchangani, korongo akajikung'uta, akakunjua mabawa, akapaa kuelekea kaskazini kama kibarua aliyemaliza zamu yake. Ndipo Ardith alipopiga yowe. Yowe lile halikuwa na ndege wa kumshtua tena.

Alipoacha kuvuta, darubini ilimtoka Verlin mikononi yenyewe, kwa ulaini, kama inayotolewa zawadi. Akaiweka machoni bila kubonyeza. Safari hii picha iliruka na kucheza, mto ukawa juu, mbingu zikawa chini, lakini katikati ya mchezo huo alimwona: Verlin wake, amezama hadi magotini kwenye maji ya barafu, na koti lake lilelile. Kidole cha Ardith kilikwenda kwenye kitufe. Na Verlin wa majini, picha ikirukaruka, alitikisa kichwa. Hapana. Usibonyeze. Akatikisa tena na tena mpaka Ardith akaiweka chini.

Jolene Bartek, msimamizi, alikuta mlango wazi. "Mungu wangu, dada Ardith, amepatwa na nini?"

Hospitali walisema ni mshipa wa kichwani uliopasuka. Wakamrudisha nyumbani, mwili wenye joto, unaomeza uji ukilishwa, na kila jioni mikono yake ilipanda yenyewe hadi machoni na kukaa hapo mpaka usiku. Jolene alipoambiwa yote, alikisukuma kando kikombe chake cha kahawa.

"Nipe hiyo darubini. Nitaitupa darajani leo leo."

"Ukiitupa, nani atamtazama? Atasimama majini peke yake?"

"Yule si Verlin, dada yangu. Verlin ndiye huyu hapa kitini."

"Umemtazama macho huyu wa kitini?"

Jolene akachukua funguo za gari. Alikwenda zake, na hakuja tena baada ya giza kuingia.

Kila jioni Ardith alisimama dirishani, bila kubonyeza, na katika ile picha ya kurukaruka alimwona mumewe ng'ambo ya mabua ya mahindi, miguu ikichuruzika maji, akitikisa kichwa kumkataza. Wakati mwingine alimpungia. Alipoona miguu yake imevimba kwa maji, alilia, akamwambia kwa sauti, "Vumilia, mpenzi," naye akatikisa kichwa. Aliishi kwa hilo. Maadamu alimkataza, alikuwa Verlin bado, mwenye kanuni zake.

Jana hakutikisa kichwa. Jana alikuwa karibu, hapa hapa kwenye ua wa kuku, uso wake haukai mahali pamoja kwa sababu ya ile mikono ya Ardith inayotetemeka, na alikuwa anamwita kwa mkono. Njoo. Njoo. Ardith hakuweza kujua kama alikuwa analia au anacheka. Alihitaji kumwona uso, mara moja tu, umetulia.

Akabonyeza.