Mfuko Ambao Sikuusoma Wote

Nyumbani kwetu Abeokuta, mtu wa kwanza kuamka ni Bibi, na wa mwisho ni mimi. Nikitoka nje huku nafikicha macho, Mama huwa ameshainamia kitambaa cheupe, unyoya wa kuku mkononi, anachora kwa uji wa muhogo. Panapopita uji, rangi ya nili haishiki, na kitambaa kikitoka mtungini huwa cha buluu chenye michoro myeupe. Kazi yangu ni kuchota maji, kukoroga uji, na kumzuia mdogo wangu Akanni, mwenye miaka mitano, asitumbukize mikono kwenye nili. Hiyo ya tatu ndiyo ngumu.

Jambo moja mlijue mapema. Kwetu unga wa kula na unga wa kuchorea ulikuwa uleule wa muhogo, tena ulikaa kwenye pipa moja la plastiki jikoni. Bibi alichota wa ugali, Mama alichota wa kazi. Hakuna aliyewahi kuuliza upi wa nani.

Jumatano moja alasiri, Mjomba Kolapo alirudi kutoka Lagos akiwa na mfuko mkubwa wa karatasi ngumu begani. Akautua karibu na mitungi ya nili, akajifuta jasho.

"Dada, huu ni wanga wa kiwandani," alimwambia Mama. "Umetengenezwa kwa kazi ya vitambaa. Hauchachi, na haukusumbui kuuchemsha nusu siku. Ila msome kwanza maandishi yake."

"Mimi na Kiingereza hatusalimiani," alisema Mama. "Desola, njoo usome."

Nje ya ua, rafiki yangu Tinuola na wenzake walikuwa wameshaanza mchezo wa kupiga makofi na kurusha miguu, na zamu yangu ilikuwa inakaribia. Maandishi yalijaa upande mzima wa mfuko, madogo kama chawa. Nikasoma mstari wa kwanza.

"Utunzwe pakavu. Ufungwe vizuri."

"Na hayo mengine?"

"Ni hayo hayo, Mama. Wanarudiarudia tu."

Mama akanitazama kidogo, kisha akachota kopo moja la kujaribia. Akaniagiza niufunge mfuko kwa kamba na kuupandisha juu ya mbao kwenye chumba cha vitambaa. Nikaitikia, "Ndiyo, Mama," huku mguu mmoja ukiwa umeshatoka nje ya ua. Nikacheza mpaka jua likazama, na mfuko nikausahau kabisa.

Asubuhi niliukuta palepale nilipouacha, mdomo wazi. Maji ya kusuuzia vitambaa yalikuwa yamepita chini yake, na nusu yake ya chini ilikuwa imegeuka gundi. Mama alikuwa ameshaondoka kwenda sokoni Itoku, maana ilikuwa siku ya soko, na Bibi naye alikuwa ametoka kidogo. Mjomba amebeba mzigo ule kutoka Lagos, nami nimeuharibu kwa usiku mmoja.

Basi nikafanya mambo yangu ya haraka. Nikachota unga mkavu wa juu kwa bakuli, mbiombio, nikaumwaga kwenye pipa la jikoni. Vumbi jeupe likatanda jiko zima, nikapiga chafya mfululizo. Nikaukoroga kwa mkono usijulikane. Nilijiambia, unga si unga? Mama akitaka kuchora atachota humo humo. Mfuko uliolowa nikauficha nyuma ya gunia la mkaa, nikaenda shule.

Darasani kiti kilikuwa kama kina upupu. Mwalimu Oyewole alifundisha sehemu na desimali, mimi nikawa nayasikia maneno ya Mjomba: umetengenezwa kwa kazi ya vitambaa. Halafu nikakumbuka kitu ambacho jana macho yaliona na mdomo ukakiruka. Mstari wa tatu, kwa herufi nene: Si chakula. Nilikuwa nimeuona, naapa. Niliuruka kwa sababu ya mchezo.

Nikajituliza kwamba siku za soko Bibi hupika viazi vikuu. Tinuola, tunayeketi naye dawati moja, akaninong'oneza, "We Desola, una nini? Unatikisa dawati mpaka siwezi kuandika."

"Sina kitu."

"Halafu leo kwenu mnakula vizuri. Bibi yako amekuja asubuhi kununua mlenda kwa mama yangu, palepale mnaponunua unga. Anasema Akanni anamlilia ugali wa muhogo."

Nikanyoosha mkono. "Mwalimu, naomba kwenda nyumbani."

"Unaumwa?"

"Siumwi, Mwalimu."

"Basi keti."

Nikaketi. Nikaangalia saa ya ukutani. Bibi huwasha jiko saa nne, na saa nne ilikuwa imeshapita. Kusema ukweli mbele ya darasa zima ilikuwa aibu, na aibu ile ilinikalisha pale kwa dakika kama kumi nzima. Kisha nikamwona Akanni akilini mwangu, anavyofungua kinywa kabla tonge halijafika. Nikasimama bila kunyoosha mkono.

"Mwalimu, nimemwaga wanga wa kiwandani wa vitambaa kwenye unga wetu wa kula. Nilificha. Sasa hivi Bibi anapika."

Hakuna aliyecheka. Mwalimu Oyewole akaweka chaki chini. "Na bado umesimama hapa? Kimbia."

Nilikimbia mpaka kiatu kimoja kikabaki njiani. Kutoka mlangoni nilimsikia Bibi akinung'unika jikoni: "Huyu Mama Tinuola safari hii ameniuzia unga gani? Unavutika kama makamasi." Na Akanni alikuwa amekaa kwenye kigoda, sahani mapajani, vidole vimejaa mlenda.

Nikampokonya sahani, nikaimwaga uani. Akanni akaangua kilio. Bibi akatoka na mwiko.

"Wewe mtoto umepandwa na kichaa? Unamwaga chakula cha mwenzio?"

Nikapiga magoti palepale kwenye majivu, nikamwambia yote, kuanzia mchezo mpaka gunia la mkaa. "Bibi, wewe umekula?"

"Mimi nasubiri mtoto ashibe." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Akanni, umekula matonge mangapi?"

"Matatu," alisema Akanni kwa kwikwi, akaonyesha vidole vinne.

Nilingoja kofi. Bibi akasema tu, "Mfuko uko wapi?"

"Umelowa, Bibi, umechanika..."

"Nimeuliza uko wapi."

Akambeba Akanni mgongoni, mzee yule, mimi nikabeba mfuko, tukaenda zahanati karibu tunakimbia. Muuguzi Abeke alimlaza mtoto, akampapasa tumbo, akauliza amekula nini. Nikamwonyesha.

"Soma," akasema, huku anamtazama Akanni machoni kwa tochi.

"Yote?"

"Toka juu mpaka chini. Usiruke neno."

Nikasoma. Utunzwe pakavu, ufungwe vizuri. Usiwekwe karibu na vyakula. Si chakula. Una dawa ya kuzuia kuvu. Usitimue vumbi lake, lisivutwe puani. Vumbi likitanda hewani karibu na moto, laweza kulipuka. Hapo niliurudia mstari ule, kwa sababu asubuhi ile makaa ya chai yalikuwa bado mekundu jikoni nilipokuwa namwaga. Ukimwagika kwenye maji, sakafu huteleza. Ukimezwa, mtu asilazimishwe kutapika. Asukutue kinywa, anywe maji, apelekwe hospitali pamoja na mfuko huu.

"Haya," alisema Muuguzi Abeke, "sasa najua ninachokitibu. Usingesema, ningebaki kukisia."

Akanni alisukutua, akanywa maji, akawekwa pale aangaliwe. Mama alitufuata moja kwa moja kutoka sokoni, mzigo wa vitambaa bado kichwani. Tulikaa kwenye benchi. Kila Akanni alipojigeuza, nilisimama. Alasiri tumbo lake lilinguruma, sote tukashtuka, naye akasema anataka karanga. Muuguzi akacheka, akasema tumrudishe nyumbani, ila tukiona anatapika au anaharisha tumrejeshe haraka. Hapo ndipo nililia.

Njiani Mama alinishika mkono. "Desola, mfuko kulowa ningekusamehe hata kabla sijatua mzigo. Ungesema asubuhi, hasara yetu ingekuwa unga. Ulipoficha, hasara ingekuwa ndugu yako badala ya unga. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Mama."

"Na mimi nina kosa langu. Nilijua unakimbilia mchezo, nikakuacha."

"Na kitu cha kazi kisilale tena chumba kimoja na chakula," alisema Bibi, "hata vikifanana kama mapacha."

Siku ile tulizika unga wote wa pipa, na pipa lenyewe Mama akalitoboa lisitumike tena kwa chakula. Mjomba alipoleta mfuko mwingine tuliutia kwenye ndoo ya mfuniko, juu ya mbao, chumba cha vitambaa. Bibi hajui kusoma, kwa hiyo alifunga vitambaa vitatu vya nili kwenye kishikio, mkono wake uijue ndoo hata gizani. Kisha akaenda kumwomba radhi Mama Tinuola kwa maneno aliyomsema jikoni, ingawa mwenyewe hakuwa ameyasikia.

Tangu hapo mfuko mpya haufunguliwi mpaka niusome kwa sauti, neno kwa neno, wote wakiwa wamekaa uani. Wenzangu huniita kutoka nje, zamu yangu inapita, na mimi nasoma. Nikifika penye herufi nene Akanni hunitangulia, anapaza sauti, "Si chakula," na anainua vidole vyake vinne.