Kipande Kimoja, Hakuna Kukaa

"Kula, uondoke! Hapa si barazani!"

Ndivyo Mzee Alihussein alivyowafukuza wateja wake pale Kilindoni, na ajabu ni kwamba kesho yake walirudi. Piza yake iliuzwa kwa kipande kupitia dirisha la nondo: nyanya na jibini, basi, mbwembwe kaulizie kwingine. Kiti hakikuwepo hata kimoja. Nyuma ya zile nondo alisimama binti yake, Gulnar, asubuhi hadi magharibi, mwaka wa sita sasa.

Kila siku baada ya alasiri alikuja Luqmani, fundi wa majokofu, kijana wa kijiji cha Kanga. Alinunua kipande kimoja akakila taratibu kama mgonjwa, maana kikiisha tu anafukuzwa. Mapenzi yao yote yalipatikana humo, katika muda wa kumaliza kipande.

Siku hiyo hakununua kitu.

"Gulnar, mtaa mzima unasema Ijumaa unaolewa na binamu yako Askari. Umekubali?"

"Sikukubali."

"Mzee anasema umekubali, na mashahidi anao."

Machozi yakamtoka Gulnar.

"Alikuja na wazee wawili, mimi nimeshika sinia la moto. Akasema, 'Binamu yako Askari anakuposa, unasemaje?' Nilishtuka, Luqmani, ulimi ukaganda. Wazee wakasema kimya cha mwanamwali ndiyo ridhaa yake. Wakasoma Fatiha, sinia bado liko mkononi!"

"Na baadaye mbona hukusema?"

"Nimwaibishe baba? Halafu Askari hata haniondoi hapa. Anahamia yeye huku. Wanaongeza oveni ya pili. Nitazeekea kwenye dirisha hili."

"We fundi!" Mzee akafoka kutoka ndani. "Umenunua?"

Luqmani akaondoka. Baadaye simu ya Gulnar ikatetemeka chini ya gunia la unga.

"Sikutoroshi, nitakuvunjia heshima. Lakini Ijumaa shekhe lazima akuulize mwenyewe. Tafadhali usinyamaze tena."

Aliusoma ujumbe wa Luqmani mara tatu, akaufuta.

Ijumaa ikafika. Gulnar kakaa chumbani, hina mikononi, shangazi zake wamemzunguka kila upande. Shekhe akasimama mlangoni pamoja na Mzee Alihussein na mashahidi wawili.

"Gulnar binti Alihussein, unaniidhinisha nikuozeshe kwa Askari?"

Kimya.

"Mnaona, ana haya," Mzee akasema haraka. "Tuendelee, shekhe."

"Hapana!" Gulnar akainua uso. "Mara ile nilinyamaza kwa hofu, baba, haikuwa haya. Sikubali."

Shangazi mmoja akashika kichwa.

"Gulnar!" Mzee akafoka. "Watu wamejaa nje! Mama yako nilipomposa naye alinyamaza, na tukaishi!"

"Mama alisimama dirishani miaka ishirini, mpaka mauti yakamkuta. Uliwahi kumuuliza alinyamaza kwa nini?"

"Hapa hakuna ndoa, mzee wangu," shekhe akasema, akageuka kuwaambia watu.

Askari aliondoka na ndege ya kesho yake. Duka lilifungwa siku tatu, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu msiba wa mama. Lilipofunguliwa, baba na binti walifanya kazi bila kusemeshana, na Gulnar akaamini amejinasua kwa Askari ili abaki mfungwa wa baba yake maisha.

Siku ya tano, Luqmani akajitokeza na kanzu yake ya Ijumaa, barua ya posa mkononi, mjomba wake Shaabani nyuma yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Mzee Alihussein akaipokea barua kupitia nondo, akaiweka juu ya unga bila kuifungua. Kisha akaingia ndani ya nyumba. Gulnar alijua anafuata fimbo.

Akarudi na kiti cha mezani, kile alichokuwa akikalia marehemu mkewe wakati wa kula. Akakizungusha hadi nje, akakiweka mbele ya dirisha.

"Kaa," akamwambia Luqmani.

"Mzee, mimi? Hapa?"

"Kaa, nimesema! Nina swali, na jibu lake nitalisubiri hata mpaka magharibi." Akamgeukia binti yake. Sauti yake ilikuwa imepungua. "Gulnar, mwanangu, fundi huyu anakuposa. Unasemaje?"

Safari hii Gulnar alilitua sinia kwanza.

"Nakubali, baba," akasema, kwa sauti iliyofika hadi kwa mteja wa mwisho kwenye foleni.