Kondoo wa Jabalini

Kila asubuhi Casilda alifagia ua, akawatupia kuku mahindi, kisha akamsaidia bibi yake, Refugio, kukanda unga wa chapati za mahindi. Lakini juma la Noeli nyumba yao ilijaa watu kama soko. Kijiji kizima cha Peña Rala kilikuja kutazama pango la Mtoto Yesu, kula tamali za unga wa mahindi zilizofungwa kwa maganda, na kuteta.

"Hee! Kondoo gani hao, weupe hivyo?" alishangaa jirani yao, Mama Eduviges, akiinamia pango.

Hawakuwa kondoo. Vilikuwa vidungusi, mimea midogo ya miiba yenye manyoya meupe, ambavyo Casilda alivichokoa kwa kisu kwenye nyufa za jabali.

"Nimevinunua mjini," alidanganya.

"Mjini kavipeleka nani, kama si Cleto mchunga mbuzi?" alidakia Mama Eduviges. "Jabali limebaki matundu, na kuving'oa ni marufuku! Kesho mkutano wa kijiji unamfukuza malishoni. Mbuzi wake wakale kofia yake!"

Watu waliangua kicheko. Casilda hakucheka. Tangu siku alipoving'oa vidungusi, kila alipopita chini ya jabali, yale matundu yalimkodolea kama macho yaliyong'olewa. Upepo ulipiga mluzi ndani yake, kana kwamba mtu anamwita. Na sasa, palepale pangoni, kidungusi kimoja kilikuwa kimechanua taji la viua vyeupe. Kimeng'olewa, hakina udongo, bado kinachanua!

Alikimbilia jikoni. "Bibi, mzee Cleto hajaiba. Ni mimi."

Bibi Refugio aliweka sufuria chini. "Mimi sikumsema Cleto. Kawaambie waliomsema."

Casilda alirudi sebuleni, akasema yote. Mama Eduviges akajifanya anatafuta kikombe chake.

Asubuhi, badala ya mkutano, Casilda na bibi yake walikwenda jabalini na Cleto mwenyewe kuvirudisha vidungusi. Vidungusi vitatu vilikuwa vimeoza, kwa kuwa Casilda alivionea huruma akavimwagia maji kila jioni.

"Upande uliozoea jua uelekeze juani," Cleto alimfundisha. "Ukiugeuza, kinaungua."

"Mzee Cleto, utanisamehe?"

"Nikikununia, nani atanipandia huko juu? Magoti yangu yamestaafu."

Bibi Refugio alivitazama vile vitatu vilivyokufa. "Mjukuu wangu, kidungusi kimoja huchukua miaka na miaka kufikia ukubwa wa ngumi. Jina jema la mtu ni vivyo hivyo: hukua polepole, hung'olewa mara moja. Ukikosea, sema mapema, kabla mwenzio hajalipia kosa lako."