Chokaa ya Uwanja wa Kessler

Harufu ya sigara nene ilianza Jumanne asubuhi, kwenye chumba cha chini cha nyumba ambayo hakuna anayevuta. Lyle Pruchnik akasema ni fundi bomba, maana jamaa hakosi mtu wa kumlaumu.

Miaka sita alikuwa anaunda mfano wa Kessler, uwanja wa zamani wa besiboli uliobomolewa pale Toledo. Mbao na gundi, ukubwa wa meza ya kulia, viti elfu kumi na nne kachonga mwenyewe. Wenzake wa kazi hiyo aliwaita mafundi wa maboksi ya viatu. Kuwakomesha kabisa, akanunua ndoo ya udongo wa Kessler wenyewe kwa mama mjane, Oleta Strand. Alipouchekecha kwa chekeche la unga la mkewe, akakuta vumbi jeupe lenye vipande vigumu.

"Chokaa ya mistari yenyewe hii," akasema, akachorea nayo mistari ya uwanja wake.

Jumatano anabandika paa, sauti nzito ikasema nyuma yake, "Imepinda, fala wewe."

Nyuma hakuna mtu. Akapima paa. Kweli imepinda.

Akabomoa, akarudia. "Mikono kama miguu ya bata," sauti ikasema. Alhamisi sauti ikapanda ngazi mpaka juu, mchana kweupe, ikamzomea anapaka haradali kwenye soseji, ikamzomea yuko bafuni, ikamzomea mbele ya mkewe, Bernadine, aliyekaa naye meza moja, na ule moshi usioonekana ukamganda kwenye nywele, akaziosha mara tatu, nne, bado zinanuka kama kuna mtu kamlalia begani.

"Lyle," Bernadine akanong'ona, "hicho kitu kitoke leo, la sivyo naenda kwa dada yangu na sirudi."

"Sasa mimi nifanyeje?"

"Balaa limeingia na ile ndoo. Mpigie aliyekuuzia."

Oleta akaja na ndala zake. Akashuka, akanusa, akagusa ule mstari mweupe.

"Chokaa gani, baba. Huyu Harvey, mume wangu. Alitaka majivu yake yamwagwe pale uwanjani, nikamwaga kwa kujificha kama watu wote. Siku ya kubomoa nikachimba ndoo ya udongo wa ukumbusho, bila kukumbuka nilimmwaga wapi."

Lyle akaangalia vidole vyake vyeupe, akavifuta kwenye suruali.

Oleta akatoa kopo na brashi. "Harvey, ingia humu. Miaka arobaini unazomea watu wanaofanya kazi, na wewe hata balbu hujawahi kubadilisha."

Akaanza kufagia ule mstari kuingiza kwenye kopo. Sauti ikajibu, kinyonge kabisa: "Nakuja, Oleta."

Harufu ikakatika. Bernadine akamshika mumewe mkono. "Haya, nabaki," akasema.

Lyle kifua mbele tayari. "Mzee wa watu hajui hata paa ni nini."

"Wengine utawatafutia ndugu zao mwenyewe," Oleta akasema akipanda ngazi.

"Wengine wapi?"

"Kijana, unadhani pale kamwagwa Harvey peke yake? Hao walikuwa wanamwogopa yeye tu."

Kwenye ule uwanja wa mfano viti vikaanza kushuka kama vinakaliwa, tak, tak, tak, mstari kwa mstari, vile alivyovigandisha kwa gundi kwa mkono wake, na kutoka kila upande wa jukwaa wanaume, wanawake na vitoto wakaanza kumzomea Lyle Pruchnik, kwanza chinichini, halafu kwa pamoja, halafu kwa jina lake.

Bernadine akamwachia mkono, akamfuata Oleta.