Stereo Iliyotoka Mwakiro

Hebu piga picha sebule ndogo mtaani Yoba, mjini Gitega. Jioni, mvua inanyesha, na ukutani pana stereo ya zamani yenye spika zinazomfika mtoto kifuani. Rafiki yangu Jeska alikuwa ameitoa kwa shangazi yake kijijini Mwakiro, kule Muyinga, siku hiyo hiyo. Ilikuwa ya marehemu baba yake Jeska, na kila Jumapili kilima kizima, yaani kijiji chote, kilikuja kucheza muziki wake. Wauaji walipomvamia mzee, walifungulia muziki hadi mwisho, wakamkatakata kwa mapanga, na majirani wakadhani ni sherehe. Jeska alitaka tu kuzisikia tena kaseti zake.

“Mzigo wote huu! Si ungeniletea ndizi?” mumewe Kastori akamtania, akichomeka waya.

Gitaa likalia tamu. Kisha kifundo cha sauti kikajizungusha chenyewe hadi mwisho. Chini ya muziki, panga likagonga mfupa, tena na tena, na mzee akalia: “Zimeni muziki! Wasikie!”

Jeska akauchomoa waya ukutani. Muziki ukakatika. Mapigo na kilio vikaendelea, sasa waziwazi, hadi jirani yao Amissi akaja kuupiga mlango kwa ngumi.

“Dada Jeska! Nani wanamuchinja humo? Fungua!”

Mwanangu, naomba ukumbuke kitu kimoja tu: waya ulikuwa bado mkononi mwa Jeska.